Mwaka Niliokuwa Sauti ya Kituo cha Daktari

Tulimzika Mwalimu Kyalo Alhamisi iliyopita nyumbani kwao, upande ule wa Kitui ambako lami inaishia na barabara ya mchanga mwekundu inaanza. Karatasi ya wasifu wake ilikuwa na picha nne za rangi. Ilisema alizaliwa, akasoma, akafundisha hesabu, akaoa, akastaafu, kisha akaugua kwa muda mfupi. Niliisoma mara mbili chini ya hema nikiutafuta mwaka mmoja, na mwaka huo haukuwemo. Baada ya mazishi binti yake mkubwa aliniletea sahani ya chakula, akachuchumaa kando ya kiti changu. "Auntie, usikasirike," akasema. "Tuliona si vizuri watu wamkumbuke na hiyo maneno." Nilimwambia sikukasirika, na ni kweli. Lakini baba yake hakuuonea aibu mwaka ule hata siku moja. Aliusimulia kanisani, akausimulia kwenye mikutano ya shule, akamsimulia kinyozi wake. Kama yeye aliweza, mimi niliyemkosea siwezi kukaa kimya kwa sababu tu amezikwa.

Sitaanza na wazazi wangu wala shule niliyosoma. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimemaliza kozi ya kupiga chapa, na nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya hoteli ya Bi Zuhura pale Emali. Kilikuwa chumba cha mabati na mbao, kitanda cha futi tatu, ndoo mbili, na dirisha dogo lililofungwa kwa kipande cha waya. Ukuta mmoja ulipakana na jiko, mwingine ulipakana na sehemu ya wateja, kwa hiyo niliishi ndani ya harufu ya mahamri na ndani ya mazungumzo ya watu wengine. Nilijua ni dereva yupi wa lori amegombana na mkewe na ni nani ameuza ng'ombe vibaya. Bi Zuhura alikuwa mama wa makamo, mjane, watu wake walitoka pwani zamani wakifuata reli, na Kiswahili chake kilinifanya nione changu kama nguo ya kushindia. Macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Kila asubuhi, kabla ya wateja kujaa, alinipa chai ya tangawizi na mbaazi, nami nikamsomea gazeti kwa sauti. Ndivyo Daktari alivyonisikia. Alikuwa amekaa meza ya pembeni, koti jeupe limekunjwa vizuri juu ya kiti, akanisikiliza mpaka nikamaliza habari ya kwanza. "Wewe," akasema, "uko na sauti ya watu kuamini. Nikupe kazi?"

Kituo chake cha kurekebisha tabia kilikuwa kati ya Emali na Kasikeu, mbali kidogo na barabara. Zamani lilikuwa banda la kuku. Lilikuwa jengo refu, ukuta hadi kiunoni na juu yake waya, na mvua ilipopiga kutoka upande wa mashariki vitanda vya upande huo vililowa. Ofisi ilikuwa chumba cha mbele, chenye zulia, kalenda ya kanisa, na mashine ya kupiga chapa ambayo ilikuwa yangu. Niliandika majina ya waliofika kwenye rejista, nikachapa barua kwa familia, na siku za soko nilipanda nyuma ya pikapu yenye vipaza sauti viwili. Tulienda Emali, tukaenda Kasikeu, tukafika hadi Kiboko. "Mama," nilikuwa nasema, "usimfiche mtoto wako. Mzee, usimfunge ndugu yako kwa kamba nyuma ya nyumba. Mlete kwa Daktari. Baada ya siku tisini utarudishiwa mtu mpya." Nilisema kwa Kikamba, nikasema kwa Kiswahili, na watu waliacha kuchagua nyanya wakaniangalia. Nilipenda vile walivyoniangalia. Hilo lazima niliandike hapa kabla ya mengine.

Sitamtaja Daktari kwa jina, ila niseme alikuwa mtu wa kupendeza. Aliwasalimia akina mama kwa mikono miwili. Aliomba vizuri, bila kupiga kelele. Mgonjwa alipofika alimshika bega akamwita ndugu, kisha akaufungua mfuko wake na kutoa kila dawa aliyokuja nayo, ya presha, ya sukari, ya kifafa, akaitupa kwenye debe nyuma ya mlango. "Hapa tunaanza upya," alikuwa akisema. Halafu kila mtu, awe mlevi wa chang'aa, mvutaji wa bangi au kijana aliyechanganyikiwa tu kichwani, alipewa kikombe cha dawa ya maji, ya manjano, asubuhi na jioni, na kikombe hicho kiliwalaza kama magunia. Waliobaki na nguvu walilima shamba lake, na hiyo iliitwa tiba ya kazi. Asubuhi ilikuwa uji usio na sukari, saa saba muthokoi uliopikwa kwa haraka, mahindi bado magumu katikati. Niliyaona haya yote. Leo watu wakiniuliza sikushuku vipi, huwa nawaambia nilishuku kila Jumatatu, na ikifika Jumatano nilikuwa nimejieleza vizuri. Yeye ni daktari. Familia zimekubali. Angalau hawanywi.

Mwalimu Kyalo aliletwa mwezi wa nne na mkewe na kaka zake wawili, kutoka Kitui. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi na mikono yake ilitetemeka. Nilipomuuliza jina, alinitazama sana. "Ni wewe wa ile gari," akasema. "Mke wangu alikuja Emali kununua vitunguu vya kuuza, akarudi na sauti yako." Mkewe alicheka kwa haya. Mimi nikaandika. Kwa kuwa alikuwa amepunguza pombe kidogo kidogo kabla ya kuja, mwili wake ulitulia mapema, akapelekwa jikoni kuchambua maharagwe. Dirisha la jiko lilitazamana na la ofisi. Tulizoea kuzungumza hivyo, yeye na sinia lake, mimi na mashine yangu. Aliniuliza maswali ya kimwalimu. "Ile dawa ya manjano, jina lake nini? Chupa yake umewahi kuiona? Na yule kijana anayetupima presha, si alikuwa anauza vocha pale steji?" Nilimjibu kwamba mimi ni karani. Alichagua jiwe kwenye maharagwe, akalitupa.

Nzioka alifika siku ya Jumatatu. Alikuwa fundi wa mawe kutoka Kasikeu, mtu mkubwa, mchekeshaji, aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi na ambaye alikuwa amekuja mwenyewe kwa miguu yake. "Andika Nzioka mkubwa," aliniambia, "maana kuna mdogo na huyo hanywi, anaudhi tu." Jumanne alianza kutetemeka na kutoa jasho mpaka godoro likalowa. Jumatano asubuhi alikuwa akifuta ukuta kwa viganja, akisema kuna siafu. Mwalimu Kyalo alikuja mpaka dirishani kwangu, jambo ambalo wagonjwa hawakuruhusiwa.

"Kalunde, huyu mtu apelekwe hospitali. Sasa hivi."

"Daktari amesema ni pombe inatoka."

"Inatoka, ndiyo, na inaweza kutoka na yeye. Mimi nimewahi kulazwa na hii kitu. Hospitali waliniwekea maji na wakanipa dawa ya kunituliza, nesi akakaa hapo. Mlevi wa kila siku hakatizwi tu hivi. Mwambie."

Nilienda kumwambia. Daktari alikuwa anakunywa chai. Hakukasirika. "Wewe piga chapa," akasema. "Huyo mwalimu ni mlevi, na mlevi ni wakili wa mlevi. Kufika kesho Nzioka atakuwa anaimba." Nikarudi kwenye mashine. Naandika hivi ili msomaji asinione bora kuliko nilivyokuwa. Nilirudi kwenye mashine, nikaweka karatasi mpya.

Saa sita mchana Nzioka alianguka, akaanza kutupa mikono na miguu. Nilikimbia pamoja na Mwalimu. Yeye alimgeuza ubavu, mimi nikashika kichwa chake ili kisigonge saruji, na kichwa kilikuwa kizito na chenye joto. Degedege ilipita, ikarudi, ikapita, na mara ya tatu ilipopita na yeye alikuwa amepita. Pikapu ya vipaza sauti ilikuwa imeegeshwa hatua thelathini kutoka hapo, tanki limejaa. Daktari alitazama saa yake, akavaa koti jeupe. Baadaye aliniita ofisini akanisomea barua ya familia, polepole, ili nisikosee. Marehemu alifika akiwa tayari na malaria kali. Kituo kilifanya kila liwezekanalo. Nilichapa nakala mbili. Sikukosea hata herufi moja.

Kwa siku tisa nilikula chakula cha Bi Zuhura bila kujua ni nini. Siku ya kumi, alasiri, nilikuwa chumbani nikifua soksi kwenye ndoo niliposikia sauti ya Daktari upande wa pili wa mbao. Alikuwa na mgeni, mtu aliyetaka kufungua kituo kama hicho mji mwingine, na alikuwa anamfundisha, kwa upole wake uleule. "Hawa hawatibiki, usijisumbue," alisema. "Wewe mfungie miezi tatu. Ndani hakuna pombe, si hataonekana amepona? Mama yake atalia, atakushukuru. Akirudi kunywa, makosa ni yake. Hakuna mtu atakuja kukuuliza." Mgeni akauliza, je, mmoja akikufia? Nikasikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe. "Nani atahesabu mlevi?" Daktari akasema.

Nilitoka na mikono yenye sabuni. Bi Zuhura alikuwa mlangoni pa jiko, mwiko mkononi, hatikisiki. Nikafungua mdomo. "Usinieleze mimi, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nimesikia kwa masikio yangu. Nieleze utafanya nini." Nilisema sijui. "Basi kaa ule kwanza, kisha ujue," akasema, na akanipakulia wali, akakaa mbele yangu mpaka nikaumaliza. Daktari alipopita kwenda zake aliniaga kwa jina. Kesho yake sikwenda kazini. Nilikwenda Kasikeu.

Mjane wa Nzioka aliitwa Mama Mueni. Nilimkuta uani anapepeta pojo, na kando ya nyumba kulikuwa na rundo la mawe yaliyochongwa nusu. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, na nilipofika yote yalipotea, nikamwambia tu. Nikamwambia haikuwa malaria. Nikamweleza Jumanne, Jumatano, siafu, mashine, chai, gari lililokuwa pale. Alinisikiliza bila kuacha kupepeta. Nilipomaliza aliweka uteo chini.

"Hiyo barua iliandikwa na nani?"

"Mimi."

"Na hapa sokoni, ile sauti iliyosema wapelekwe?"

"Ni mimi, Mama Mueni."

Aliingia ndani. Nilidhani anachukua kitu cha kunipigia, na sikusimama kukimbia. Alitoka na barua ile, amevaa kitambaa kichwani. "Sikiza," akasema. "Umeniambia mimi peke yangu. Sasa imekuwa siri ya watu wawili, lakini bado ni siri. Wewe uliita watu kwa sauti kubwa. Utasema na hii kwa sauti kubwa." Nikamwambia naogopa. "Ogopa," akasema. "Mimi sijakuambia usiogope. Twende kwa chifu."

Chifu alitupatia nafasi mwisho wa baraza, baada ya habari za visima na mbuzi waliopotea, nadhani akitumaini watu watakuwa wameenda. Hawakwenda. Nilisimama mbele ya watu walioijua sauti yangu. Nilisema yote, pamoja na barua. Mzee mmoja aliniuliza nimelipwa na nani kumharibia Daktari jina. Mwingine akasema hata kama ni hivyo, afadhali huko kuliko mtaroni. Mama Mueni alisimama. "Mume wangu alikuwa mlevi," akasema. "Alianguka kwa mtaro mara nyingi sana. Mtaro haukumuua." Yule mzee wa kwanza ndiye aliyeinuka akauliza afisa wa afya ya umma anapatikana wapi.

Afisa alisema atakuja, na akaendelea kusema hivyo wiki mbili. Katika wiki hizo Daktari alinitumia watu. Kwanza nirudi, kazi yangu ipo. Halafu nisiporudi, atanishtaki. Halafu pikapu ikaanza kupita sokoni na sauti ya msichana mwingine. Siku nilipoisikia sauti ile, nyororo, yenye imani, nilijua siwezi kumngoja mtu wa ofisini. Siku ya soko Emali mimi na Mama Mueni tulikwenda sehemu ya mboga. Hatukuwa na kipaza sauti. Bi Zuhura alitupatia kreti ya soda nisimame juu yake, na wateja wake watatu wa lori wakaja kusimama nyuma yetu mikono kifuani, kwa sababu aliwaambia chai ya siku hiyo haitachemka mpaka warudi na sisi wazima.

"Mnanijua," nilianza. "Mimi ndiye niliwaambia muwapeleke. Nilidanganya, na wengine niliwadanganya bila kujua, na mwisho nilijua nikanyamaza." Nikawaambia waulize. Nani daktari hapo, na karatasi yake ya kumruhusu kutibu iko wapi? Mtu wako akianza kutetemeka siku ya pili, atapelekwa wapi, na kwa gari gani? Dawa yake ya kifafa itaendelea au itatupwa? Unaruhusiwa kumwona, peke yenu, bila mtu kusimama mlangoni? Akisema anataka kutoka, atatoka? "Ukiambiwa usije siku tisini," nilisema, "hiyo peke yake itoshe. Mchukue mtu wako mwende hospitali ya serikali, mpige foleni, mngoje, lakini mngoje mahali penye nesi." Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza kabichi alikuwa ameacha kuuza. Alikuwa ameshika kisu hewani. "Wangu ako huko tangu juzi," akasema, si kwangu, kwa jirani yake. Kisha akakitupa kisu kwenye beseni, akafunika kabichi kwa gunia, akaanza kutembea. Jirani yake akafunika zake. Sikuwaambia watu wafuate. Tulipofika njia panda ya kuingia kituoni tulikuwa labda arobaini, akina mama wengi, na wale madereva watatu.

Askari wa getini alisema wageni hawaruhusiwi. Mama wa kabichi alisema yeye si mgeni, amezaa mtu aliye humo. Daktari alitoka na koti lake, mikono miwili tayari kusalimia, na hakuna aliyeipokea. Alianza kueleza utaratibu. Nami nikagundua kwamba naijua rejista yote, kwani niliiandika kwa mkono wangu. Nikashika waya wa geti nikaanza kuita, kwa sauti ileile ya pikapu, jina la mtu, jina la baba yake, na kwao. Mutinda wa Kilonzo, Kiboko! Nikaita tena. Kutoka kwenye banda sauti ya usingizi ikajibu, "Nipo." Mama mmoja nyuma yangu akapiga kelele. Nikaita wa pili, akajibu, nikaita wa tatu. Wawili hawakuweza kujibu, na Mwalimu Kyalo akajibu kwa niaba yao, "Wapo, wamelala, wanahitaji kubebwa!" Nilipofika jina la kumi na kitu askari alikuwa ameshachomoa ufunguo. Hakumtazama Daktari. Alisema tu, "Mimi pia niko na ndugu," akafungua.

Wengine walibebwa kwa lori la mmoja wa madereva hadi hospitali. Mwana wa mama wa kabichi alikaa wodini wiki nzima, akatoka akitembea. Afisa wa afya alifika siku iliyofuata, akafunga geti kwa kufuli la serikali na akazungumza kana kwamba ni yeye aliyetangulia. Daktari alishtakiwa kwa kutibu bila kibali, kesi ikaahirishwa mara nyingi mpaka ikachoka, na miaka miwili baadaye nikasikia ana kituo kingine, mbali, chenye jina la kutia moyo zaidi. Kifo cha Nzioka hakikuwahi kusomwa mahakamani. Mama Mueni aliichana ile barua mbele yangu, akaniomba nichape nyingine yenye ukweli, nikachapa, na hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye sanduku la nyumba. Hakuniambia amenisamehe. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na moja, soko kwa soko, tukiwaonya watu, na sikumuuliza.

Mwalimu Kyalo alirudi Kitui, akakaa bila pombe miezi minne, akaanguka, akaenda hospitali, akainuka. Aliniambia, tukiwa tumekaa kwenye benchi la wodi akila ndizi, kwamba watu wanataka kusikia kwamba ulevi hutoka mara moja kama jino, na kila anayewaahidi hivyo atapata wateja. "Wewe ahidi kidogo," alisema. "Lakini hicho kidogo kiwe kweli." Alipotulia hasa, alikuwa anazunguka nasi, na alikuwa msemaji bora kuliko mimi, kwa sababu hakuwa na sauti nzuri. Alikwaruza, akasita, akatoa mifano ya hesabu. Watu walimwamini baada ya kumfikiria, na nimekuja kuona kwamba imani ya namna hiyo hudumu.

Siku hizi hawatumii pikapu. Tangazo linakuja kwenye simu, lina picha ya bustani na mtu aliyevaa koti jeupe, na linasambazwa na watu wema wasiojua, kama nilivyokuwa mimi. Juzi mama mmoja kutoka Mwingi alinipigia. Mwanawe ana miaka thelathini, na mahali walipopata wanasema wasimwone kwa miezi mitatu, kwa faida yake. Alitaka kujua kama ni pazuri. Nilimwambia sijui, kwa hivyo tutaenda kuona. Tunaenda kesho saa mbili asubuhi, mimi na yeye, kabla ya kijana kupelekwa. Nimemwomba avae viatu vizuri na abebe chakula cha mchana, kwa sababu getini huwa wanatuambia turudi siku nyingine, na sisi huwa tunakaa chini.